Selosia Tanga: kwa nini kilemba hudumaa bustanini na kuota ukungu kambani

Kikuba cha asumini na rehani hakiulizwi kitakaa siku ngapi. Kazi yake ni usiku mmoja, na asubuhi kimeshanyauka. Selosia ni ua la hesabu nyingine. Likikatwa kwa wakati wake na kukaushwa sawasawa, hukaa miezi mingi juu ya kabati bila tone la maji, na wekundu wake unaonekana tangu mlangoni. Ndilo lile ua zito, kama mahameli iliyokunjwakunjwa, linalofanana na kilemba cha jogoo. Lina ndugu zake wenye umbo la manyoya, na wengine wenye umbo la suke la ngano.

Anayelipanda Tanga kwa kufuata maelezo ya nyuma ya pakiti hukutana na mambo mawili ya kukatisha tamaa. Mche wa kimo cha shibiri unachanua ukiwa bado mtoto, kilemba chake hakizidi upana wa kidole gumba, na ukuaji umeishia hapo. Hata maua yaliyokua vizuri, yakitundikwa yakauke, baada ya siku kumi yananuka tambara bichi na ukungu wa kijivu umejaa kwenye mikunjo. Pakiti haikudanganya. Iliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo mwanga wa majira ya joto hufika saa 15 au 16 kwa siku, na ambako ua lililotundikwa darini hukauka lenyewe kwa sababu hewa ni kavu. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na bahari iko mlangoni. Urefu wa siku ndio unaoamua ukubwa wa kilemba, na unyevu wa hewa ndio unaoamua kama kitafika sebuleni.

Ua lenyewe

Selosia ni wa ukoo wa mchicha. Mfungu, mboga inayochumwa porini na kupikwa sehemu nyingi za nchi, ni ndugu yake wa karibu, na majani machanga ya selosia ya bustani nayo yanalika. Jina la kitaalamu, Celosia, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuwaka moto. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipoorodhesha mimea mwaka 1753 aliiandika Celosia argentea na Celosia cristata kama spishi mbili. Siku hizi ile ya kilemba huhesabiwa kuwa kundi ndani ya Celosia argentea, pamoja na ile ya manyoya.

Chukua kilemba kimoja ukipasue kwa wembe kuanzia shinani kwenda juu. Chini utaona shina la kawaida, la mviringo. Likipanda linaanza kuwa bapa, na nyuzi zake zinatawanyika kama mbavu za upepeo wa ukili. Sababu ni kwamba ncha ya ukuaji, ambayo kwa mimea mingi ni kama nukta, hapa imegeuka mstari. Mstari huo unarefuka kuliko nafasi iliyo chini yake, kwa hiyo unajikunja, kama kitambaa kilichovutwa uzi kikapata marinda. Mikunjo mirefu ni dalili kwamba mmea ulikuwa na nguvu wakati mstari unatengenezwa. Mmea wenye njaa hutoa mstari mfupi, na mbolea unayoiweka baada ya hapo haiwezi kuurefusha sana.

Tazama pia ubavuni, chini ya mikunjo. Maua ya kweli yako pale: madogo, kila moja likiwa na vijani vitano vikavu vyenye kung'aa kama karatasi ya sigara. Sehemu ya juu, ile inayopendwa, kwa kiasi kikubwa haizai chochote. Vile vijani vya karatasi ndivyo vinavyolifanya ua hili lidumu, kwa sababu hata likiwa bichi shambani havina maji mengi ya kupoteza. Hukauka bila kusinyaa, ilhali petali ya waridi hujikunja na kuwa nyeusi.

Rangi nayo ni ya aina yake. Wekundu wa waridi au wa rozela hutokana na antosianini, ila ukoo wa mchicha hutumia betalaini, ileile ya kiazi cha bitiruti. Betalaini huvumilia kukauka. Isichovumilia ni jua la moja kwa moja, joto kali, na maji yanayokaa ndani ya ua siku nyingi. Ndiyo maana selosia iliyoanikwa juani kama dagaa hutoka na rangi ya matofali.

Wiki nne za kwanza

Selosia huchanua upesi zaidi siku zinapokuwa fupi. Siku ndefu haizuii ua, hulichelewesha tu, na katika muda huo mmea hupata nafasi ya kuwa mkubwa. Tanga siku ndefu kuliko zote, mwezi Desemba, huipita siku fupi ya Juni kwa nusu saa na dakika chache tu. Kwa mmea huu basi, mwaka mzima wa Tanga ni siku fupi, na tangu uchomoze unaambiwa uchanue. Ukipata na mshtuko mmoja juu ya hilo, unaona umekaribia kufa na unakimbilia kutoa mbegu.

Mishtuko yenyewe ni ya kawaida kabisa: kitalu kukauka mchana mmoja wa Jumapili, miche kusongamana, mizizi kubanwa ndani ya kikopo, au mvua kuchelewa na mche kusubiri kitaluni wiki sita. Huo wa mizizi ndio unaoharibu zaidi, na ndio usioonekana. Kwa juu mche unapendeza, una majani ya kijani, lakini ukiutoa kwenye kiriba unakuta mizizi myeupe imejizungusha chini kama kamba ya kisima. Mche huo hautakupa kilemba cha maana hata ukiuhamishia kwenye samadi tupu.

Mbegu ni nyeusi, zinang'aa, na ndogo mno: gramu moja ina zaidi ya 1,000. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisianguke rundo. Mchanganyiko wa kitalu uwe mboji iliyochekechwa sehemu moja na mchanga wa mtoni sehemu moja. Mchanga wa ufukweni usitumike, una chumvi. Funika kwa mchanganyiko usiozidi milimita 3, mwagilia kwa chupa ya kunyunyizia, weka kivuli chepesi cha makuti. Kwa joto la Tanga zitachomoza ndani ya siku 5 hadi 10. Zikishachomoza punguza makuti kidogo kidogo, kwa sababu mche uliorefuka ukitafuta mwanga huanguka. Kitalu kinachobaki chepechepe usiku huleta kinyausi: shingo ya mche inakuwa nyembamba kama uzi usawa wa udongo, na asubuhi miche imelala chini kwa mafungu. Hapo hakuna dawa ya kuinyanyua. Ng'oa ya mahali hapo pamoja na udongo wake, acha kumwagilia jioni, ongeza hewa.

Hamisha miche ikiwa na wiki 3 hadi 4, majani 4 au 5. Hii ndiyo tarehe isiyojadiliwa. Kama bustani haijawa tayari, sogeza siku ya kusia mbegu, si siku ya kuhamisha. Hamisha jioni, na mwagilia papo hapo.

Mwenye umeme anaweza kujiongezea muda. Taa ya LED ya wati 9 au 10, ikining'inia kama mita moja juu ya kitalu na kuwashwa tangu jua linapozama hadi saa 4 usiku, huufanya mche uhesabu siku ndefu. Wiki tatu za taa zinatosha, na gharama yake ni ndogo kuliko ya mbolea.

Aina ipi

Kwa kukausha, achana na zile fupi za kwenye vyungu, mfano Kimono. Zinapendeza kizingitini, ila shina lake halifiki popote. Chief hufika karibu mita moja na kutoa kilemba kipana. Bombay imezalishwa mahsusi kwa maua ya kukata, shina moja kichwa kimoja. Kundi la masuke, kama Flamingo Feather yenye rangi ya waridi iliyofifia, halina kishindo kile. Hata hivyo kwa anayeanza ukanda wa pwani tunashauri aanze na hilo: masuke ni membamba, hayana mikunjo ya kuficha maji, na hukauka ndani ya nusu ya muda wa kilemba. Kilemba ndicho kigumu kuliko vyote.

Mche wa kilemba usiukate ncha kamwe, maana ncha ndiyo ua lenyewe. Ukiikata utapata vilemba vitano vya ukubwa wa kifungo. Miche ya manyoya na ya masuke, kinyume chake, inataka kukatwa ncha ikifika sentimita 15 hadi 20, ukiacha majani 5 au 6 chini, ili itoe matawi. Nafasi pia hutofautiana: sentimita 15 hadi 20 kwa kilemba cha shina moja, sentimita 30 kwa iliyokatwa ncha.

Udongo, maji na maradhi

Sehemu za Tanga zilizo juu ya mawe ya matumbawe, kama Raskazone, zina udongo wenye chokaa nyingi. Humo selosia hupata njano ya pekee: jani changa linapauka lakini mishipa yake inabaki kijani. Madini ya chuma yamo ardhini, ila chokaa imeyafunga, kwa hiyo kuongeza urea hakusaidii. Njia ya uhakika ni kuinua tuta la sentimita 25 hadi 30 kwa udongo mwekundu ulioletwa kutoka nje ya ukanda huo, uliochanganywa na mboji. Maji ya kisima cha karibu na bahari yaonje kabla ya kuyategemea. Ukisikia chumvi ulimini, mche nao utaisikia: kingo za majani zitakauka kahawia kuanzia chini.

Samadi iliyooza vizuri, ndoo ya lita 20 kwa kila mita 2 za mraba, inatosha kwa kuanzia. Siku 10 baada ya kuhamisha, anza kumwagilia mbolea ya NPK 17-17-17, kijiko kikubwa kimoja kwenye maji lita 10, nusu lita kwa kila mche, mara moja kwa wiki. Kilemba kikishaonekana, acha. Mbolea inayoendelea hadi mwisho hutoa shina nene lililojaa maji, na shina la namna hiyo ndilo litakalooza kambani. Maji yamwagwe chini, asubuhi. Kilemba kilichomwagiwa juu huhifadhi maji kwenye marinda yake hadi kesho yake.

Mmea ukinyauka saa 8 mchana ilhali udongo una unyevu, chimbua mmoja. Mizizi yenye vinundu kama shanga ni kazi ya minyoo fundo, na selosia ni chakula chao hasa. Usiipande mahali palipotoka mchicha, bamia au nyanya. Tuta lililokwisha kuambukizwa lilowanishe, lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, kingo zizikwe, liache wiki 4 hadi 6 katika jua la Januari na Februari. Msimu unaofuata panda marigoldi kwanza.

Viwavi vya kijani vinavyokunja majani kwa utando ndivyo vilevile vya mchicha. Kwenye majani hudhuru kidogo. Hatari ni vikiingia ndani ya kilemba, kwani huuoni uharibifu mpaka ua likauke na punje nyeusi za kinyesi zianze kudondoka mezani. Kagua mikunjo kila baada ya siku mbili, itikise, vitoe kwa kijiti. Dawa yenye bakteria wa Bacillus thuringiensis huviua vikiwa vidogo, vikubwa havijali.

Kukata

Tangu mbegu hadi kisu ni kama wiki 11 hadi 13, na hesabu ya kusia inaanzia mwisho. Masika, Machi hadi Mei, ni wakati mbaya wa kukausha chochote. Sia katikati ya Oktoba, miche iingie bustanini na mvua za vuli, ukate kati ya nusu ya Januari na Februari. Au sia mwisho wa Mei, ukate Agosti na Septemba. Ukisia Februari kwa sababu mbegu zimepatikana, vilemba vitakomaa Mei, mvua ikiwa juu yake.

Siku ya kukata hutambuliwa kwa mkono. Shika shina sentimita 20 chini ya ua, tikisa. Kichwa kikiyumba kama kimelegea, shingo bado changa na itapinda ikikauka. Kikisimama kidete, kagua ubavuni: vipele vidogo vimevimba lakini mbegu nyeusi hazijaanza kutoka. Hapo ndipo. Mbegu zikishaanza kudondoka, ua litapukutika sebuleni miezi yote.

Kata saa 4 asubuhi, umande umekwisha na jua halijawa kali. Mvua ikinyesha jana, subiri siku mbili. Ondoa majani yote palepale bustanini, hata yale madogo yaliyo chini ya kilemba, maana jani moja lililobaki hukauka polepole kuliko ua na kuliambukiza ukungu.

Kukausha kwenye hewa ya bahari

Hapa ndipo maua mengi hupotea, kwa sababu watu hulitafuta joto kumbe kinachotakiwa ni hewa kavu inayotembea. Vile vijani vya karatasi hutoa unyevu hewa ikiwa kavu na kuunyonya tena hewa ikilowa. Mchana, upepo ukivuma, fungu la selosia hukakamaa na kutoa mlio kama karatasi. Usiku hewa ya pwani inakaribia kujaa maji, na alfajiri fungu lilelile ni laini kama kitambaa. Ua linapanda hatua mbili na kushuka moja na nusu. Shina la kilemba, nene na lenye maji, halipati hata hiyo nusu, na kuvu huhitaji siku chache tu.

Siku tano za kwanza ndizo zenye uamuzi. Tundika kichwa chini, chumba chenye giza, feni ikizunguka mchana na usiku kwa siku hizo tano. Haihitaji kuvuma kwa nguvu, ilimradi maua yanatikisika kidogo. Usiku funga madirisha. Mchana, kuanzia saa 4 hadi saa 10, yafungue na uweke pazia jeusi. Stoo iliyo moja kwa moja chini ya bati inavutia kwa joto lake, lakini saa 7 mchana joto hilo hupika rangi. Yashushe maua angalau mita moja chini ya bati, au tafuta chumba chenye dari. Jikoni kwenye kuni hapafai, kwani moshi huingia kwenye mikunjo na harufu haitoki.

Kilemba kitundikwe kimoja kimoja, visigusane. Manyoya yafungwe 5 au 6 kwa fungu, masuke 8 hadi 10, yakipishana urefu ili vichwa visilaliane. Kamba ya mkonge ni nzuri kwa kuvutia mstari wa kutundikia, mbaya kwa kufungia. Shina likipoteza maji hupungua unene, fundo linabaki vilevile, na usiku unasikia fungu limeanguka. Funga kwa ukanda mwembamba uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli: unajivuta kadiri shina linavyopungua. Chini tandika shuka kuukuu. Vikasha vya mbegu za selosia hufunguka kwa kifuniko, na kichwa kikiwa chini mbegu humwagika zenyewe.

Masuke huwa tayari baada ya siku 8 hadi 12, manyoya wiki 2, kilemba wiki 3 na mara nyingine 4. Usipime mchana. Mchana kila kitu Tanga kinaonekana kikavu. Pima saa 12 asubuhi: kunja shina karibu na shingo. Likivunjika kwa mlio, limekauka. Likipinda, lirudishe. Bonyeza pia moyo wa kilemba kwa kidole gumba, pale mikunjo inapokutana na shina. Ubaridi wowote pale ni maji.

Kwa kilemba kikubwa mno, zaidi ya upana wa kiganja, kipasue shina lake kwa urefu kuanzia chini hadi sentimita 5 kabla ya ua. Halitaonekana ndani ya chombo, na muda wa kukauka hupungua sana.

Baada ya hapo

Ua lililokauka likiachwa wazi masika yakija, litarudi kuwa laini. Yale yasiyotumika yafungie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika, zile chembe za kunyonya unyevu. Asiye na silika akaange mchele nusu kilo bila mafuta hadi ukauke kabisa, aupoze, autie kwenye mfuko wa kitambaa, na aukaange tena kila baada ya wiki chache. Mchele ni dhaifu kuliko silika lakini si bure. Funga ndoo saa 9 alasiri siku ya jua, wakati hewa unayoifungia ndani ni kavu. Ukikuta unga wa kahawia chini ya maua, ni wadudu wadogo wanaotoboa viungo na tumbaku. Yafunge maua kwenye mfuko usiopitisha hewa na uyaweke kwenye friza siku 4. Mfuko usifunguliwe mpaka upate joto la chumba, la sivyo yatalowa umande.

Sebuleni, jaza mchanga mkavu kwenye chombo ili kilemba kizito kisikipindue, na kiwe mbali na dirisha.

Mbegu zilizodondoka kwenye shuka zipepete, lakini uwe umetenga zile za kilemba kilichokuwa bora kuliko vyote. Mbegu hutoka kwenye ubavu wa chini, na aina tofauti zikichanua pamoja nyuki huzichanganya: mwaka ujao utaona kilemba chenye manyoya pembeni, si hiki wala si kile. Kama unataka umbo libaki, chagua mmea mmoja, uvishe kichwa chake mfuko wa chandarua kabla maua ya ubavuni hayajafunguka. Na zilizoanguka bustanini zitaota zenyewe mvua za kwanza za masika, nyingi kama nywele. Hizo zitachanua wakati usiofaa kukausha chochote. Kama hukuzipulizia dawa, zing'oe zikiwa na majani sita, ukazipike pamoja na mchicha kwa tui la nazi.